Matumizi ya Kielezi "decreasingly" katika Tafsiri

Kielezi cha Kiingereza "decreasingly" kimeundwa kutokana na kitenzi "decrease", yaani kupungua, pamoja na viambishi tamati "-ing" na "-ly". Aghalabu hutangulia kivumishi: jambo lililo "decreasingly important" ni lile ambalo umuhimu wake unazidi kupungua.

Ugumu huanza pale kielezi hiki kinapoambatanishwa na kitenzi ambacho tayari kina maana ya kupungua. Mfasiri chipukizi aweza kuifasiri sentensi "bei zilishuka kidogo kidogo" kwa "prices fell decreasingly", akidhani kwamba anausisitiza mshuko huo. Maana anayoipata ni nyingine kabisa, kwamba mshuko wenyewe ulikuwa ukipungua. Tuseme bei ya kilo ya mchele ilishuka kwa shilingi 100 mwezi wa kwanza, 60 mwezi wa pili na 20 mwezi wa tatu. Hapo kielezi kinakubalika. Lakini kama ilishuka kwa shilingi 50 kila mwezi, kifaacho ni "steadily". Katika taarifa ya uchumi tofauti hii ni nzito, kwani msomaji wa sentensi ya kwanza hutarajia bei itulie.

Kiswahili nacho kina mtego wake, maana hutumia kitenzi "kuzidi" hata kwa kinachopungua. "Unazidi kupungua", ikifasiriwa neno kwa neno, huzaa "increasingly decreasing", kauli inayomkwaza msomaji wa Kiingereza. Hata wenye lugha hiyo hawakitumii sana kielezi hiki. Husema "less and less", nayo hukubalika hata katika maandishi rasmi.