SOMO LA KOMPYUTA: RITIFAA NA IRABU KATIKA KIBODI



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baad:

Ndugu wanafunzi, baadhi yenu mnashuka kutoka Machame, Kibosho na Marangu hadi hapa mjini Moshi, na kazi zenu mnaziandika katika kompyuta zenye Linux. Tumeona kazi nzuri zikiharibika kwa sababu ya mpangilio wa kibodi tu. Leo tutazame matatizo mawili na dawa zake.

1. RITIFAA

Ukiandika ng'ombe ikatokea "ngómbe", au Qur'ani ikatokea "Quráni", jua kuwa kibodi imewekwa mpangilio wa kimataifa. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa husubiri. Hakiandiki kitu mpaka ubonyeze herufi inayofuata, na ikiwa ni a, e, i, o au u, huiwekea mkwaju juu, kama wanavyohitaji waandishi wa Kihispania.

Dawa: fungua "Settings", kisha "Keyboard". Ongeza "English (US)" ya kawaida, na uondoe ile yenye neno "intl.". Ikiwa kompyuta si yako, bonyeza ritifaa, kisha kitufe kirefu cha nafasi, halafu endelea kuandika.

2. IRABU ZA KIARABU

Tazameni maneno haya: كَتَبَ ni "aliandika", na كُتِبَ ni "iliandikwa". Herufi ni zile zile tatu, irabu ndizo zilizogeuza maana. Basi anayeandika dua kwa irabu zisizo sahihi humpoteza msomaji.

Hapo hapo kwenye "Keyboard" ongeza "Arabic". Kuhama lugha, shika kitufe chenye alama ya dirisha na ubonyeze nafasi. Andika herufi kwanza, kisha shika Shift na ubonyeze:

Q – fat-ha
A – kasra
E – dhumma
W – tanwini ya fat-ha
S – tanwini ya kasra
R – tanwini ya dhumma
X – sukuni
Kitufe kilicho kushoto kwa 1 – shadda

Penye shadda na fat-ha, tangulizeni shadda.

TAHADHARI

Neno la siri likikataliwa, msikimbilie kulibadilisha. Tazameni kwanza pembeni mwa skrini kama pameandikwa "ar" badala ya "en". Na irabu zikitokea kama vijisanduku, tatizo ni fonti, si kibodi. Katika Ubuntu wekeni fonti ya Amiri, kwa jina la "fonts-hosny-amiri". Haina malipo.

Ndugu zetu, wanachuoni wanaeleza kuwa Abul-Aswad Ad-Du'ali ndiye aliyeanza kutia nukta za irabu, na Khalil bin Ahmad, katika karne ya 2 Hijria, akaziweka katika sura tunazozijua. Walifanya kazi hiyo ili msomaji asikosee. Isiwe sisi, tulio na mashine, ndio tunaoziacha kwa uvivu.

ZOEZI: Andika jina lako kwa Kiarabu pamoja na irabu zake zote. Chini yake andika ng'ambo na Qur'ani. Mwonyeshe mwalimu wako kabla ya kuchapisha.

Wabillahi tawfiq.