Mafunzo Niliyopata Kwenye Machicha ya Bia

Mimi sinywi pombe. Hata hivyo, kwa miaka sita nyumba yangu hapa Lanet imeishi kwa bia, maana ng'ombe wangu wanne wa maziwa hula machicha, yaani makapi ya shayiri yanayobaki kiwandani baada ya utamu wake kuchujwa.

1. Machicha hayangoji.
Mara ya kwanza niliagiza pikapu nzima kwa pupa. Zaidi ya robo tatu ya uzito niliolipia ilikuwa maji. Siku ya nne yakaota ukungu, ng'ombe mmoja akaharisha, maziwa yakapungua. Sasa nayashindilia kwenye mapipa hadi hewa yote itoke, nafunika kwa nailoni, naweka mawe juu. Tena siwapi machicha matupu. Protini yamejaa, ila kalisi ni haba, kwa hiyo nachanganya na majani ya nepia pamoja na chumvi ya ng'ombe.

2. Shayiri ya bia ina masharti yake.
Shemeji yangu analima Mau Narok, kwenye baridi inayoipendeza shayiri. Msimu mmoja alizidisha mbolea ya kukuzia akitafuta magunia zaidi. Shamba likanawiri, macho yakafurahi. "Shemeji, kiwandani wamenirudishia lori zima," aliniambia kwa simu, sauti imemkauka. Naitrojeni ya mbolea hiyo ilikuwa imepandisha protini ya punje. Protini ikipanda, wanga hupungua, na wanga ndio unaogeuka sukari, sukari ikageuka kileo. Isitoshe, punje lazima iwe hai, kwa kuwa kimea ni nafaka iliyoloweshwa ikaanza kuota, kisha ikakaushwa. Nyanya zetu waliopika busaa kwa kimea cha wimbi waliyajua haya bila maabara, na nawaheshimu zaidi tangu nilipoelewa.

3. Bia si ya Ruaraka peke yake.
Huko Ruaraka, Nairobi, imetengenezwa tangu 1922, nami niliamini haiwezi kutoka kwingine. Lakini hapa hapa kaunti yetu, Naivasha, Tabitha Karanja na mumewe Joseph walianzisha kampuni ya Keroche mwaka 1997 kwa mvinyo wa bei nafuu, na mwaka 2008 wakaingia kwenye bia kwa jina la Summit. Nilijivuna siku ile bia hiyo ilipotoka. Bado najivuna.

4. Kodi hufika hadi horini.
Mwaka 2004 serikali iliipa bia ya Senator Keg msamaha wa ushuru ili wanywaji waache pombe haramu. Baadaye ikawa inapikwa kwa mtama, wakulima wakapata soko. Msamaha huo ulipokatwa nusu mwaka 2013, mauzo yaliporomoka na mtama ukakosa mnunuzi. Bia isipopikwa, machicha hayapo. Ndiyo maana siku ya bajeti sibanduki redioni.

5. Lipo linaloniuma.
Kijana wa jirani alinikamulia kwa miaka miwili, mikono yake myepesi, ng'ombe wakimpenda. Ulevi ukamtoa kazini. Jioni moja nilimkuta ameanguka kando ya barabara, nikamwongoza hadi kwa mama yake. Mama alinishukuru, kisha akayatazama mapipa yangu ng'ambo ya ua, kimya. Sikuwa na la kumjibu. Kila asubuhi nawapelekea lita mbili za maziwa. Kazi ya kukamua nafanya mwenyewe; nafasi ya kijana sijampa mtu.