Kijineno kidogo, mzigo mkubwa: vitenzi-virai na nahau za Kiingereza katika tafsiri ya Kiaislandi

Tuzitazame sentensi mbili za Kiingereza: "The meeting was called off" na "The meeting was put off". Zote zinahusu mkutano ambao haufanyiki leo, na zote zina kijineno kilekile, "off". Lakini anayesoma ya kwanza anafuta tarehe katika daftari lake, na anayesoma ya pili anangoja tarehe mpya. Kwa Kiaislandi ya kwanza ni "Fundinum var aflýst", na ya pili ni "Fundinum var frestað". Kwa Kiswahili tunasema mkutano umefutwa, au mkutano umeahirishwa. Mtafsiri akizichanganya, watu watasafiri bure, au watabaki nyumbani siku ambayo walihitajika.

Vitenzi vya namna hii, yaani kitenzi pamoja na kijineno kama "up", "off", "out" au "down", nitaviita vitenzi-virai. Katika makala hii natetea wazo moja: kinachotafsiriwa ni tukio, na kijineno ni alama tu ya kulielekea. Naongeza kwamba sisi tunaosema Kiswahili tuna kipimo kizuri cha kulijua tukio hilo kabla ya kuandika neno lolote la Kiaislandi.

Kwa nini Kiaislandi?

Katika kitivo chetu tumezoea kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Huko kijineno kinapotea chenyewe: "give up" inakuwa "abandonner", na mwanafunzi analazimika kutafuta kitenzi kingine. Kiaislandi ni mtihani wa aina nyingine. Ni ndugu wa Kiingereza katika jamii ya lugha za Kijerumaniki, na kina vijineno vyake vinavyofanana na vya Kiingereza: "upp", "út", "af", "inn". Mwanafunzi akiona "up" anaandika "upp", akiona "out" anaandika "út", na sentensi yake inapendeza macho huku ikisema jambo jingine kabisa.

Lugha hii ina wasemaji wachache, kwani wakazi wote wa Aislandi hawafiki 400,000. Hata hivyo wanaitunza kwa bidii. Sheria ya mwaka 2011 inaitambua kuwa lugha ya taifa, na mambo mapya hupewa majina kutoka mizizi ya zamani: kompyuta inaitwa "tölva", neno lililoundwa kutokana na "tala", yaani nambari, na "völva", yaani mwanamke mtabiri. Mahali kama hapo, tafsiri inayonuka Kiingereza haipiti bila kuonekana.

Makundi matatu

Nimeona inasaidia kuvigawa vitenzi-virai katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la ndugu wa kweli. "Stand up" ni "standa upp". Kitabu kinapochapishwa, Kiingereza kinasema "come out" na Kiaislandi "koma út". Hata "throw up", kwa maana ya kutapika, ina pacha wake "kasta upp", ambayo nayo neno kwa neno ni kurusha juu. Hapa tafsiri ya moja kwa moja inafaa, na ndiyo sababu mtafsiri anajiamini kupita kiasi anapofika kundi la pili.

Kundi la pili ni la ndugu wa uongo. "Look out!" ni onyo, lakini "líta út" maana yake ni kuonekana: "Hún lítur vel út", yaani anaonekana vizuri. Anayetaka kuonya atasema "Passaðu þig!" Vilevile "gefa upp" haitoshi kwa "give up". Inaweza kufuatana na neno la tumaini, lakini mara nyingi ni kutaja habari, kama mtu anayetaja jina lake mbele ya polisi. Mtu aliyekata tamaa ni "gafst upp", kutoka "gefast upp", na ile "-st" ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo. Tena, Kiingereza kinasema "She gave up" na "She gave up smoking" kwa kitenzi kimoja, ilhali Kiaislandi kinatenganisha: "Hún gafst upp", lakini "Hún hætti að reykja". Kiswahili nacho kinatenganisha vivyo hivyo: alikata tamaa, lakini aliacha kuvuta sigara.

Kundi la tatu ni la wasiofanana kabisa, na hapa Kiswahili kinatufaa zaidi. "Turn on the light" ni "Kveiktu á ljósinu". Kitenzi "kveikja" ni cha kuwasha moto. "Turn off" ni "slökkva á", na "slökkva" ni kuzima moto. Kiingereza kinakumbuka mkono uliozungusha swichi. Kiaislandi na Kiswahili vinakumbuka moto, kama Kifaransa kwa "allumer" na "éteindre". Msemaji wa Kiswahili aliyejiuliza "ningesemaje nyumbani?" amekwisha kukaribia jibu.

Ndivyo ilivyo pia kwa "We have run out of milk". Hakuna anayekimbia na hakuna anayetoka. Kiaislandi kinasema "Mjólkin er búin", na Kiswahili kinasema maziwa yamekwisha. Lugha zote mbili zimewaondoa wale "sisi" na kuyapa maziwa nafasi ya kiima. Mama anayemwambia mtoto "Eat up!" kwa Kiaislandi atasema "Kláraðu matinn þinn!", yaani maliza chakula chako. Ule ukamilifu ambao Kiingereza kinautia katika "up", lugha hizi mbili zinautia katika kitenzi chenyewe.

Kijineno kikiondoka, uhusika unabaki

Nisije nikaeleweka kwamba Kiswahili kinatosha. Kiaislandi kina uhusika, yaani nomino hubadili umbo kufuatana na kitenzi au kihusishi kinachoitawala. "Fresta" na "aflýsa" vinataka dativu. Ndiyo maana katika sentensi zetu za mwanzo neno "fundur", mkutano, limekuwa "fundinum", na limebaki hivyo hata katika kauli ya kutendwa. "Hlakka til", inayotafsiri "look forward to", inataka jenitivu: "Ég hlakka til jólanna", naingojea Krismasi kwa furaha. Kiswahili hakitatuonya juu ya jambo hili, wala Kiingereza.

Kuna hatari nyingine. Kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuwa kipana kuliko cha Kiaislandi. Tunaacha sigara, tunaacha mwavuli nyumbani, na mtu anaweza kuacha familia yake. Kiaislandi kinataka vitenzi vitatu: "hætta" kwa sigara, "skilja eftir" kwa mwavuli, "yfirgefa" kwa familia. Kwa hiyo Kiswahili ni kituo cha njiani. Safari inaendelea mpaka kwenye kamusi.

Nahau: mnyama hubadilika, udanganyifu unabaki

Kwa nahau kanuni ni ileile, ila tukio limevaa picha. Mwingereza anayenunua kitu bila kukikagua hununua nguruwe ndani ya mfuko. Mwaislandi husema "kaupa köttinn í sekknum", yaani kumnunua paka ndani ya gunia. Mfaransa naye ana paka wake, "acheter chat en poche". Kwa Kiswahili mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtafsiri anayemhamisha nguruwe hadi Aislandi atamshangaza msomaji bure, maana huko paka amekwisha kuikalia nafasi hiyo.

Je, basi tuchague picha inayolingana na mazingira ya nchi? Hapana, na mfano ufuatao unaonyesha kwa nini. Kwa mtu anayekuza jambo dogo, Kiingereza kinasema anafanya mlima kutokana na kifusi cha fuko. Kiaislandi kinasema "gera úlfalda úr mýflugu", kumfanya usubi kuwa ngamia. Aislandi haina ngamia wa asili. Mwenye akili nyingi angetaka kuweka farasi au nyangumi badala yake, naye angekosea. Nahau inaishi katika mazoea ya wasemaji, wala haiombi ruhusa kwa wanyama wa nchi.

Tatizo zito zaidi linakuja na nahau zisizoonekana kuwa nahau. "At the end of the day", kwa maana ya baada ya kupima yote, ina mwenzake wa Kiaislandi: "þegar öllu er á botninn hvolft", yaani kila kitu kinapogeuzwa kikakaa juu ya kitako chake. Lakini tafsiri ya neno kwa neno, "í lok dagsins", nayo inaingia katika mazungumzo, na wanaojali lugha wanaikosoa, kwa kuwa kwa Mwaislandi huo ni mwisho wa siku kweli, saa za jioni.

Kabla ya kuwacheka, tusikilize redio zetu. "Mwisho wa siku" imekwisha kuingia katika Kiswahili kwa njia hiyohiyo, na mara nyingi msemaji hazungumzii jioni. Lugha yetu ina "hatimaye", ina "mwishowe", ina "yote tisa, kumi ni hili". Hakuna aliyeyafuta maneno hayo kwa amri. Yanasogezwa pembeni na tafsiri za haraka, moja baada ya nyingine, na tafsiri hizo zinaandikwa na watu waliosoma katika vitivo kama chetu. Hapo ndipo zoezi hili linapoacha kuwa la Kiaislandi peke yake.

Hatua za kufuata

Kwanza, funika kijineno kwa kidole, ujiulize: nani anafanya nini, na mwishoni kimebadilika nini? Pili, lisema tukio hilo kwa Kiswahili, kwa kitenzi kimoja ikiwezekana. Tatu, tafuta kitenzi cha Kiaislandi cha tukio hilo katika kamusi ya Kiaislandi kwa Kiaislandi. "Íslensk nútímamálsorðabók" ya Taasisi ya Árni Magnússon inasomwa bure kwenye intaneti, na inaonyesha uhusika ambao kila kitenzi kinautaka. Nne, rekebisha umbo la nomino. Tano, ficha sentensi ya Kiingereza, uirudishe tafsiri yako kwa Kiswahili, kisha ulinganishe. Hatua hii ya tano wengi huiruka, na ndiyo inayofichua ndugu wa uongo.

Zoezi

Tafsiri sentensi hizi kwa Kiaislandi, ukiandika kwanza tukio lake kwa Kiswahili:

1. Turn down the radio.
2. She turned down the offer.
3. I am looking for my keys.
4. The book came out in 2011.
5. He is getting over his illness.

Vitenzi utakavyohitaji ni hivi, bila mpangilio: "hafna", "koma út", "jafna sig", "lækka", "leita að". Angalia kwamba sentensi ya 1 na ya 2 zina kitenzi-kirai kimoja kwa Kiingereza, na moja tu kati ya hizo tano inakubali kijineno cha Kiingereza kivuke jinsi kilivyo. Ukiisha kuitambua, eleza kwa sentensi mbili kwa nini zile nne zinakataa.