Sensa ya Biashara: Jinsi ya Kuitafuta na Kuitumia Katika Utafiti Wako



Msimu wa tasnifu ukifika, wenzetu wengi wa uchumi na biashara huanza kwa kuchapisha madodoso na kuyapeleka sokoni. Kabla hujatumia shilingi zako, tazama kwanza kile ambacho serikali imekwisha kuhesabu. Katika somo hili nitatumia mfano wa hapa kwetu Uganda, yaani Sensa ya Biashara ya mwaka 2010/11.

Inapatikana wapi?

Sensa hiyo ilifanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ripoti zake hutolewa kwenye tovuti ya ubos.org, na makao yake yako Barabara ya Colville, Kampala. Wanaolinganisha na majirani watazame Rwanda, ambako sensa ya namna hii imefanywa kila baada ya miaka mitatu tangu 2011.

Usitarajie kupewa jina la duka na mapato ya mwenyewe. Sheria inalinda siri za waliohesabiwa. Utakachopata ni majumla: biashara ngapi, wilaya gani, kazi gani, zimeajiri watu wangapi.

Ilihesabu nini?

Hili ndilo swali ninalowasihi mlitangulize. Fungua sehemu ya mwanzo ya ripoti, ile inayoeleza maana ya maneno na mipaka ya sensa, kabla ya kugusa jedwali lolote. Sensa ya 2010/11 iliandika biashara zenye mahali maalumu pa kufanyia kazi, kubwa na ndogo. Mama anayezungusha ndizi mbivu kwa beseni hamo, wala kijana anayeuza soksi mkononi kwenye foleni ya magari.

Kwa hiyo ukiandika kwamba nambari hiyo ni ya "wafanyabiashara wote wa Uganda", umewafuta watu hao. Na halmashauri ikipanga soko jipya kwa kufuata maandishi kama hayo, itajenga vibanda vya wenye vibanda tu.

Kulinganisha miaka

Sensa ya 2001/02 ilipata biashara 160,883. Ya 2010/11 ilipata 458,106. Gawanya: zimekuwa karibu mara 2.8. Ila ongezeko ni 297,223, yaani asilimia 185 hivi. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kuandika ongezeko la asilimia 280. Msimamizi makini atakurudishia kazi.

Kisha jiulize ongezeko limetoka wapi. Mambo matatu yachunguzwe.

Kwanza, mipaka ya wilaya. Mwaka 2002 Uganda ilikuwa na wilaya 56. Kufikia 2010 zilizidi 110. Manafwa ilikatwa kutoka Mbale mwaka 2005, na Bududa ikakatwa kutoka Manafwa mwaka 2006. Anayelinganisha Mbale ya sensa ya kwanza na Mbale ya sensa ya pili analinganisha maeneo mawili tofauti. Jumlisha kwanza Mbale, Manafwa na Bududa, ndipo ulinganishe.

Pili, hali ya nchi. Mwaka 2002 watu wengi wa Acholi walikuwa kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Ukiona maduka yameongezeka huko, usikimbilie kusifu mikopo midogo. Kurudi kwa amani na kwa watu wenyewe kunatosha kueleza sehemu kubwa.

Tatu, herufi za shughuli. Takwimu hizi hupangwa kwa uainishaji wa Umoja wa Mataifa uitwao ISIC. Katika toleo la tatu, herufi H ni hoteli na mikahawa. Katika toleo la nne, H ni usafirishaji na uhifadhi wa mizigo, na hoteli zimehamia I. Anayefuata herufi bila kutazama toleo atalinganisha mikahawa na malori.

Tahadhari ya wastani

Biashara hizo 458,106 ziliajiri zaidi ya watu milioni 1, sawa na wastani wa watu wawili na kidogo. Lakini kiwanda kimoja chenye watu mia tano huinua wastani wa vioski vingi vya mtu mmoja mmoja. Tafuta jedwali la ukubwa wa biashara. Ndilo litakalokuonyesha mtaa wako ulivyo.

Basi dodoso liende wapi?

Simaanishi tuache kwenda sokoni. Sensa ikupe picha kubwa, nawe uende kule isikofika. Kama mada yako ni wachuuzi wa Mbale, tumia sensa kueleza maduka yanayowazunguka, kisha uwahoji wachuuzi wenyewe. Na katika tasnifu yako andika wazi mwaka wa sensa, nani walihesabiwa, nani waliachwa, na mipaka ya wilaya uliyofuata.

Zoezi la wiki hii: chukua wilaya yenu ya nyumbani, uandike ukurasa mmoja tu kwa kufuata hatua hizi, umsomee mwenzako chumbani. Akikuuliza "mbona fulani hayumo?", na wewe unalo jibu, uko tayari kumwona msimamizi, in shaa Allah.

Wassalaam.