Keekee ya Umeme na Usalama Wetu

Je, umewahi kumwona seremala akitoboa mbao kwa keekee ya umeme? Mota iliyo ndani yake hugeuza nguvu ya umeme kuwa mwendo. Mwendo huo ndio unaoizungusha ncha ya keekee.

Keekee nyingi za nyumbani zaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60, nawe utapata mizunguko 50 kwa sekunde. Mtu aliyeshtuka huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kuanza kuuondoa mkono wake. Katika muda huo ncha imekwisha kuzunguka mara 10. Ikinasa shati, glavu au nywele, itakuvuta kabla hujajinasua. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hukunja mikono ya shati, hufunga nywele, wala havai glavu anapotoboa.

Shika kanuni hizi:

1. Usitumie chombo cha umeme bila kusimamiwa na mtu mzima anayekijua.
2. Vaa miwani ya kukinga macho, kwani chembe za mbao huruka.
3. Bana mbao kwa jiliwa. Usiishike kwa mkono.
4. Chomoa plagi kabla ya kubadili ncha. Kuzima swichi hakutoshi, maana kidole chaweza kuibonyeza kwa bahati mbaya.
5. Usitumie chombo chenye waya uliochubuka, wala usikishike kwa mikono iliyolowa.

Zoezi

1. Msumeno wa umeme wazunguka mara 4,500 kwa dakika. Je, ni mara ngapi kwa sekunde?
2. Eleza kwa nini glavu ni hatari kwa mtu anayetoboa mbao.