Tuanze na Njia, Nyumba Itafuata

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA SHARIKA



Katika robo iliyopita ofisi yetu ilipokea maombi matatu ya fedha kwa ajili ya utalii wa kutembea kwa miguu. Moja lilitoka hapa Mwigobero, mjini Musoma, na mawili yalitoka upande wa Bunda na Butiama. Yote yameandikwa vizuri, na yote yanaomba kitu kimoja: jengo la kulaza wageni. Hakuna ombi lililotaja njia watakayopita wageni hao, wala kijana atakayewaongoza, wala mama atakayewapikia.

Hatuandiki haya ili kulaumu. Sisi wenyewe tumewahi kukosea hivyo. Miaka iliyopita tulipitisha mradi wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita, ikajengwa mlimani kwa msaada wa marafiki, ikazinduliwa kwa kwaya na chakula. Kitabu cha wageni hakikujaa ukurasa wa pili. Leo vyumba viwili vinahifadhi mahindi, na vijana walioahidiwa kazi wamerudi kwenye bodaboda. Hasara kubwa haikuwa saruji wala mabati, bali imani ya vijana wale. Somo hili limeandaliwa ili kosa hilo lisirudiwe.

LENGO LA SOMO

Baada ya kulisoma na kulijadili, kamati iweze: (a) kueleza matembezi ya kuongozwa ni nini, (b) kupima kama eneo lake linafaa, (c) kufanya hesabu ya safari moja, na (d) kujua ni lini inafaa kuomba fedha za jengo.

1. TUNAZUNGUMZIA NINI

Ni kikundi kidogo cha wageni, tuseme wanne hadi wanane, wanaotembea siku mbili au tatu vilimani na vijijini wakiwa na mwenyeji anayewaongoza. Wanatazama miti, ndege, mashamba na maisha ya watu. Jioni wanalala karibu na pale walipofikia, asubuhi wanaendelea. Mgeni wa namna hii hatafuti kasri. Anataka kitanda safi, chandarua kisichotoboka, maji ya moto ya kuoga, choo kisafi na chakula cha mahali pale. Zaidi ya yote anataka mtu wa kumweleza anachokiona.

Kwa hiyo bidhaa yenyewe ni njia na mwongozaji. Malazi ni sehemu ya huduma, lakini peke yake hayamleti mgeni.

2. WENZETU WA USAMBARA WAMEFANYAJE

Mfano mzuri katika nchi yetu ni Lushoto, mkoani Tanga. Ukitoka Mombo unapanda barabara ya kona kwa takriban kilomita 33, ukipitia Soni, mpaka mji wa Lushoto ulio kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Katikati ya miaka ya 1990 wenyeji wa huko walianza utalii wa kitamaduni kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV. Baadaye mpango huo, ambao ulihusisha vijiji vingi nchini, ukawa chini ya Bodi ya Utalii Tanzania.

Walianza na njia zilizokuwepo, zile za kwenda sokoni, shambani na kanisani. Vijana walifundishwa kuongoza wageni. Mpaka leo mgeni anaweza kufanya matembezi ya nusu siku kutoka mjini hadi Irente, mahali ambapo mlima umekatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa. Anayetaka safari ndefu hutembea siku kadhaa kupitia msitu wa Magamba, kisha Rangwi, hadi Mtae, kijiji kilichokaa mwishoni mwa mgongo wa mlima juu ya tambarare za Mkomazi. Msitu wa Magamba, wenye zaidi ya hekta 9,000, ni hifadhi ya mazingira asilia. Humo mgeni huona mbega weupe kwa weusi na miti mikubwa ya mkulo.

Analala wapi? Kanda hii ina historia ndefu ya misheni. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891. Hivyo nyumba za kanisa zilikuwepo kabla ya utalii. Huko Rangwi, watawa wa Kikatoliki hupokea watembeaji katika nyumba yao. Huko Irente, shamba la KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki huuza mkate, jibini na jemu, na wageni wanaotoka kutazama tambarare hupita hapo kupata chakula cha mchana. Kilichokuwepo kwa kazi nyingine kikatumika pia kwa wageni.

Jambo la mwisho la kujifunza kwao ni mgawanyo. Tangu mwanzo wa mpango ule, sehemu ya malipo ya mgeni ilitengwa kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Mwanakijiji ambaye si mwongozaji wala mpishi naye akawa na sababu ya kutaka wageni waje salama na msitu usikatwe.

3. HAPA KWETU KUNA NINI

Mara hatuna milima kama Usambara. Tuna vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, yenye pimbi na ndege wengi, na ziwa linaloonekana kutoka juu. Tusijifananishe, tuonyeshe tulichonacho.

Mwigobero ni mahali pazuri pa kuanzia na kumalizia. Wageni wanafika mjini, wanaona mitumbwi na biashara ya samaki asubuhi, wanalala katika nyumba za wageni ambazo zipo tayari. Kutoka hapa wanapanda gari mwendo wa kama saa moja hadi Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Makumbusho yake yapo hapo hapo, na vilima vimekizunguka kijiji. Upande wa Bunda kuna mlima Balili. Ukisimama juu yake unaona Ghuba ya Speke upande mmoja na upande wa pili nchi inayoelekea Serengeti.

Magari ya watalii yanayoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka yanapita katika barabara yetu kila wiki. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanaweza kushuka na kutembea siku mbili nasi.

4. TUKAE CHINI TUHESABU

Katika Luka 14 Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye budi kwanza akae na kupiga hesabu. Tufanye hivyo kwa mfano wa safari ya siku tatu na malazi ya usiku mbili. Bei hizi ni za mfano tu. Kila kamati iweke bei za kwake.

Kila mgeni analipa Sh. 150,000. Waongozaji ni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, nao wanakula na kulala pamoja na kikundi. Wageni wakiwa sita, mapato ni Sh. 900,000, na matumizi ni haya:

- Posho ya waongozaji 2, siku 3, Sh. 30,000 kwa siku: 180,000
- Chakula cha watu 8, siku 3, Sh. 10,000 kwa siku: 240,000
- Malazi ya watu 8, usiku 2, Sh. 10,000 kwa usiku: 160,000
- Usafiri kwenda na kurudi: 80,000
- Mfuko wa kijiji, Sh. 10,000 kwa kila mgeni: 60,000

Jumla ni Sh. 720,000. Inabaki Sh. 180,000 kwa ajili ya sanduku la huduma ya kwanza, simu, matengenezo ya njia na akiba.

Wageni wakiwa wanne, mapato ni Sh. 600,000 na matumizi ni Sh. 600,000, hakuna kinachobaki. Wakiwa watatu tunapata hasara ya Sh. 90,000, kwa kuwa posho za waongozaji na gari hazipungui. Wakiwa wanane zinabaki Sh. 360,000, lakini zaidi ya hapo waongozaji wawili hawatoshi na familia moja haiwezi kuwalaza. Ndiyo maana tunasema wanne hadi wanane.

Sasa tuingize jengo. Tuseme nyumba inagharimu Sh. 60,000,000. Kwa safari ya wageni sita, tuchukue salio lote la Sh. 180,000, tuongeze na Sh. 160,000 za malazi ambazo sasa zitaingia kwenye nyumba yetu. Ni Sh. 340,000 kwa safari. Tutahitaji safari 177 ili kurudisha fedha hizo. Tukipata safari 12 kwa mwaka, ni karibu miaka 15, kabla ya kumlipa mlinzi na kubadilisha godoro hata moja. Na zile 160,000 zingekuwa zimeingia mikononi mwa mjane mwenye vyumba viwili vya ziada. Tumjengee nyumba ya kushindana naye?

5. MAANDALIZI KABLA YA MGENI WA KWANZA

(a) Njia. Kamati itembee njia yote, si kuitazama kutoka barabarani. Andikeni muda, mahali penye maji, kivuli, choo na mtandao wa simu. Ombeni ruhusa kwa serikali ya kijiji na kwa wenye mashamba. Kama njia inapita mahali wazee wanapoheshimu kimila, wao ndio wanaosema pa kupita.

(b) Waongozaji. Wachaguliwe kwa uwezo, si kwa undugu. Wajue majina ya miti na ndege kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao na kwa Kiingereza. Wafundishwe huduma ya kwanza. Wasichana wapewe nafasi sawa. Biashara hii inahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ulizeni kwa afisa maliasili na utalii wa wilaya kabla ya kupokea fedha ya mgeni.

(c) Majira. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, mawe yanapoteleza. Anzeni kutembea saa moja asubuhi na mpumzike jua linapokuwa kali. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili.

(d) Usalama. Mgeni aelezwe kuhusu malaria na alale ndani ya chandarua. Asiogelee ziwani hovyo: kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Pangeni mapema gari litakaloitwa mtu akiumia, na ni kituo gani cha afya atakachopelekwa.

(e) Heshima. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Asigawe fedha wala pipi kwa watoto njiani. Mwenye zawadi aikabidhi shuleni au kwa kamati.

(f) Fedha. Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja wao awe mwanamke. Mama aliyepika alipwe siku ile ile, mkononi mwake, na atie saini. Hesabu ya kila safari ibandikwe kwenye ubao wa usharika na wa kijiji.

6. TUSIWEKE MAYAI YOTE KWENYE KAPU LA MGENI

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, waliofika walikuwa kama 620,000 tu. Mwenye shamba lake na ng'ombe wake alivuka mwaka ule. Aliyekopa kujenga vyumba vya wageni alibaki na deni. Kwa hiyo mwongozaji asiache kulima, na mama mpishi asiache biashara yake ya dagaa. Fedha ya wageni iwe nyongeza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Ni nani kati yetu ameshatembea njia tunayotaka kuwapitisha wageni, kuanzia mwanzo hadi mwisho?
2. Ni nyumba ngapi zenye chumba safi cha ziada katika vijiji vya njiani? Nani mwenye nazo?
3. Je, mtu asiye Mkristo au asiye wa usharika wetu atanufaika vipi?
4. Wasipokuja wageni kwa mwaka mzima, nani ataumia?
5. Kwa hesabu yetu wenyewe, tunahitaji wageni wangapi ili safari isilete hasara?

MAAMUZI NA OMBI

Ofisi imeamua kwamba ombi la jengo halitapelekwa kwa wafadhili mpaka kamati husika iwe imekamilisha safari kumi na kuleta daftari la wageni pamoja na hesabu zake. Maombi matatu tuliyonayo hayajakataliwa. Yamerudishwa pamoja na somo hili, na tutatembea njia ya kwanza pamoja na kila kamati itakayotuita. Wa Mwigobero wametuita tayari.

Kwenu wafadhili, tunajua kwamba jengo hupigwa picha vizuri na lina mahali pa kuweka kibao cha shukrani. Tunachowaomba safari hii ni kidogo na hakina kibao: mafunzo ya waongozaji, vyandarua, masanduku ya huduma ya kwanza na nauli ya kwenda Lushoto kujifunza kwa wenzetu. Safari kumi zikikamilika na vyumba vya kina mama vikawa havitoshi, tutawaandikia tena kuhusu nyumba, tukiwa na daftari lililojaa mkononi.