SOMO: BEI YA MLINZI WA GHALA

Wakati wa mavuno makuu ghala la kiwanda cha kahawa hubeba jasho la mamia ya wanachama chini ya bati moja. Kahawa ikisha kukauka hukaa humo ikingojea lori la kuipeleka kukobolewa, na siku hizo za kungojea ndizo wazitafutazo wezi. Katika Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu wizi wa namna hii umetokea mara nyingi: watu huja usiku na gari, mlinzi hufungwa kamba, magunia yakapakiwa. Mkulima aliyekwisha kupeleka matunda yake kiwandani hana malipo mengine ya kutazamia. Kwa hiyo suala la nani alinde ghala, na kwa bei gani, halifai kumalizwa kwa dakika tano mwishoni mwa kikao cha kamati.

Zamani chama kiliajiri mzee wa kijijini, kikampa koti, tochi na rungu. Siku hizi vyama vingi hukodi kampuni. Mabadiliko haya yana faida yake, kwani kampuni yaweza kuleta askari mwingine yule wa kwanza augua, na ina msimamizi wa kuzunguka usiku. Tena Kenya ina Sheria ya Kusimamia Ulinzi wa Kibinafsi, Nambari 13 ya 2016, iliyounda Mamlaka ya kuzisajili kampuni na askari wenyewe, na kutaka wapate mafunzo kabla ya kushika kazi. Katibu ana haki ya kudai kuona hati hizo kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Aghalabu hazidai, hutazama bei tu.

Na hapo kwenye bei ndipo penye somo letu la leo. Tuchukue lindo moja, yaani mahali pamoja panapolindwa mchana na usiku bila kukoma. Juma lina saa 168. Amri ya mishahara ya huduma za ulinzi ya 1998 iliweka saa 52 za kazi kwa juma, katika siku sita. Ukigawa 168 kwa 52 utapata askari watatu na zaidi kidogo. Hata lindo la usiku peke yake, saa 12 kwa siku saba, ni saa 84, ambazo askari mmoja hawezi kuzimaliza bila saa nyingi za ziada na bila kunyimwa siku yake ya mapumziko.

Sasa tutie fedha. Mapema katika 2024 Mamlaka ilitangaza kwamba askari asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi: shilingi 18,994.08 mshahara wa msingi, 2,849.11 posho ya nyumba, na 8,156.81 malipo ya saa za ziada. Tangazo hilo lilipingwa, na shauri likafika mahakamani. Tena viwango vya mshahara hutofautiana kwa mahali, hivyo kila katibu atafute kiwango cha kwao. Hapa twazitumia tarakimu hizi kwa mazoezi ya hesabu tu. Mshahara wa msingi na posho ya nyumba pekee hufanya shilingi 21,843.19. Zidisha kwa askari watatu na kitu, nawe utapata zaidi ya shilingi 70,000 kwa mwezi kwa lindo moja, kabla ya kodi, michango ya serikali, sare, msimamizi na faida ya kampuni.

Ikiwa basi zabuni yaletwa ya shilingi 45,000 kwa lindo hilo hilo, kamati isishangilie. Fedha hizo hutosha mishahara miwili, wala hazibakizi kitu kwa mengineyo. Maana yake ni askari wawili wa kupokezana saa 12 kwa 12, siku saba kwa juma, au watatu wanaolipwa chini ya haki yao. Askari wa saa 84 atasinzia, hata akiwa mwaminifu kama nini. Na aliyekaa miezi miwili bila mshahara, akiwa peke yake na magunia ya watu, amewekwa katika jaribu ambalo wajumbe wa kamati wenyewe wasingependa kuwekwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanachama hulisahau. Askari wa kampuni hana bunduki. Aweza kumkamata mhalifu na kumkabidhi kwa polisi upesi, na aweza kuandika langoni majina ya waingiao. Kupigana na genge lenye silaha si kazi yake, na si haki kumlaumu kwa kubaki hai. Kazi yake ni kuona mapema na kuita msaada. Basi taa, ua, king'ora na simu yenye chaji ni sehemu ya ulinzi, na ni juu ya chama kuvitoa.

Mkataba nao usomwe wote, hasa kifungu cha fidia. Mara nyingi huwekwa kikomo kidogo cha malipo, na muda mfupi wa kutoa taarifa ya hasara. Hata kifungu kikiwa kizuri, chama hakitapata kitu ikiwa hakiwezi kuonyesha magunia yalikuwa mangapi. Kila jioni magunia yahesabiwe mbele ya askari anayeingia zamu, naye na karani watie sahihi katika daftari. Mwizi wa kahawa huujua usiku ambao ghala limejaa, na habari hiyo haitoki barabarani.

Chama kimoja chenye kiwanda kimoja hakina nguvu ya kubishana na kampuni. Vyama kumi vikitoa zabuni pamoja kwa njia ya muungano vyaweza kudai hati za mishahara kila mwezi, na hata kuweka msimamizi wao wa kuzungukia viwanda. Vyaweza pia kupendekeza vijana wa wanachama wapelekwe mafunzoni wasajiliwe, jambo ambalo kwa maoni yetu limechelewa mno.

Kwa majadiliano katika vikundi: Lindo la ghala lenu lina saa ngapi kwa juma, na askari wangapi? Chama hulipa kiasi gani kwa kampuni, na askari hupokea kiasi gani? Ni nani kati yenu aliyekisoma kifungu cha fidia, nacho chasema nini?